Rangi Inayonunua Dakika

Nitazungumzia rangi. Si rangi ya kupendezesha ukuta. Ni ile inayopakwa juu ya chuma au mbao ili moto ukizuka, jengo lisimame kwa muda kabla halijaanguka. Najua aliyeko Kipili, pale mwambao wa Ziwa Tanganyika, ameshaguna: watu bado tunahangaika na bei ya bati, huyu anatuletea habari za maghorofa ya Dubai. Vuta subira, ndugu yangu. Kipili nitafika.

Chuma kimeshateremka mpaka ziwani. Tazama majengo yanayoinuka siku hizi wilayani Nkasi na kwingineko Rukwa: bwalo la shule, kanisa jipya, banda la kituo cha mafuta, ghala la mazao. Kenchi ni za chuma. Fundi ana sababu zake. Mbao ngumu zimekuwa ghali, mchwa hawana huruma, na chuma ukishakichomelea paa linasimama siku hiyo hiyo. Sumbawanga mjini, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una vihenge vya kisasa, minara ya chuma na bati, matunda ya mradi uliojengwa kwa mkopo wa Poland na uliogusa pia Mpanda, Mbozi, Makambako, Songea, Dodoma, Babati na Shinyanga. Babu zetu wa Ufipa walihifadhi ulezi na mahindi kwenye vihenge vya fito na udongo. Sisi tumehamia kwenye chuma.

Na penye chuma watu hulala usingizi mzito, kwa imani kwamba chuma hakiungui. Kweli hakiungui. Kinalegea.

Chuma cha ujenzi kikifika nyuzi 600 za Sentigredi kinakuwa kimebakiwa na nusu ya nguvu zake, au pungufu. Usidhani nyuzi 600 ni joto la tanuri la kiwandani tu. Kipimo cha kimataifa cha moto wa majengo, kinachoitwa ISO 834, kinahesabu kwamba hewa ya chumba kinachoungua hufika nyuzi 576 katika dakika tano, na nyuzi 678 katika dakika kumi. Kenchi iliyoundwa kwa vyuma vyembamba vya pembe hushika joto hilo upesi kuliko nguzo nene, kwa sababu ina uso mkubwa wa kupokea moto na nyama kidogo ya kuuhimili. Robo saa haifiki, paa linaanza kubonyea. Na kabla ya kubonyea huwa limekwisha kutanuka, likazisukuma kuta kwa nje. Mbao nene, kinyume na watu wanavyodhani, huungua polepole kutoka nje kwenda ndani, huku kiini kikiendelea kubeba mzigo. Wazima moto wenye uzoefu watakwambia wanaliogopa zaidi paa la chuma tupu kuliko paa la boriti za zamani.

Hapo ndipo biashara ya rangi hii inapoanzia. Ukiiona imepakwa huwezi kuitofautisha na rangi nyingine: nyeupe, unene wa milimita moja, pengine mbili au tatu. Ikipata joto la nyuzi 200 na kitu, inaumuka kama andazi kwenye mafuta ya moto. Inaweza kufura mpaka mara hamsini ya unene wake na kugeuka povu gumu jeusi la mkaa, lililojaa vitundu vya hewa. Povu hilo linachelewesha joto lisikifikie chuma. Nimesema linachelewesha. Hakuna rangi inayozima moto, na hakuna rangi inayolifanya jengo lisiungue. Ukinunua rangi hii umenunua dakika: 30, 60, 90 au 120, kutegemea unene ulioupaka na ukubwa wa chuma chenyewe.

Wewe mkulima wa Laela, wa Matai, wa Namanyere, sogea karibu na redio, maana hapa pana habari yako. Ndani ya rangi hii mna vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni amonia polifosfati, ndugu wa damu wa ile mbolea ya DAP unayopandia mahindi. Cha pili ni melamini, ambayo viwandani hutengenezwa kutokana na yurea, ile unayokuzia. Cha tatu ni kemikali iitwayo pentaerithritoli, inayotoa kaboni ya kufanya mkaa. Moto ukija, fosfati inageuka asidi, asidi inaichoma ile kaboni iwe mkaa, na melamini inatoa gesi ya kuuumua mkaa huo. Kwa hiyo kiwanda cha rangi huko Norwei na shamba lako la Nkasi vinagombea malighafi moja. Oktoba 2021 China ilipobana usafirishaji wa fosfati nje ya nchi, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoongezea, mfuko wa mbolea wa kilo 50 kwetu ulivuka shilingi laki moja, serikali ikalazimika kuleta ruzuku ya msimu wa 2022/23. Bei za malighafi za rangi za moto nazo zilipanda kipindi hicho hicho. Lakini mwenye ghorofa hakupewa ruzuku.

Usije ukasikia haya ukaenda kukoroga DAP kwenye ndoo ya rangi, ukasema umesikia redioni. Ni kweli kwamba chumvi za fosfati ya amonia huifanya mbao igome kushika moto, na ndege zinazozima moto wa misitu kule California humwaga dawa nyekundu ya jamii hiyo hiyo. Lakini juu ya mbao za nyumba chumvi hizo huvuta unyevu, hutafuna misumari, na mvua ya kwanza ikizifikia zinaondoka.

Ujuzi wenyewe si wa jana. Mwaka 1735 Mwingereza aliyeitwa Obadiah Wyld alipewa hataza ya dawa ya kuzuia nguo na karatasi kuungua, yenye shabu na boraksi. Mwaka 1821 mkemia Mfaransa Gay-Lussac, baada ya mfalme Louis wa 18 kutaka mapazia ya majumba ya maigizo yasiendelee kuwaka ovyo, alionyesha kwamba fosfati ya amonia na boraksi zinafaa. Rangi za kuumuka zilianza kuandikiwa hataza mwaka 1938. Ila kwa miaka mingi soko halikuzitaka. Wajenzi wa maghorofa ya chuma waliridhika kunyunyizia saruji nyepesi iliyochanganywa na jasi au vemikulaiti. Inaonekana kama uji uliogandia kwenye boriti, lakini ni rahisi, na ukificha juu ya dari nani atauona?

Sasa mambo yanageuka, na hili ndilo nililotaka tulizungumze kwa kina.

Badiliko la kwanza ni la macho. Wasanifu wanataka chuma kionekane: viwanja vya ndege, stesheni za treni, kumbi. Saruji ya kunyunyizia ni mbaya kutazama, kwa hiyo rangi nyembamba imechukua nafasi, hasa Ulaya. Badiliko la pili ni la mahali pa kupaka. Zamani fundi alipaka juu ya jukwaa, kwenye vumbi na mvua. Sasa kazi inahamia karakana: chuma kinapigwa mchanga, kinapakwa, kinakauka ndani, kisha kinapandishwa kwenye lori tayari. Rangi za epoksi ndizo zinazofaa kwa kazi hiyo kwa sababu ni ngumu, hazichubuki safarini, na zinavumilia unyevu. Mojawapo ya rangi za jamii hiyo inayosifika kwenye mitambo ya mafuta ilitokana na utafiti wa ngao ya joto ya chombo cha Apollo kilichokwenda mwezini.

La tatu ni la afya. Rangi zenye harufu kali ya kiyeyushi zinaziachia nafasi zile za maji, na kemikali kadhaa za zamani zinabanwa. Umoja wa Ulaya uliiweka asidi ya boriki kwenye orodha ya kemikali za kutiliwa shaka tangu 2010. La nne ni la betri. Betri za lithiamu zikishika moto ni vigumu kuzizima, kwa hiyo watengenezaji wa magari ya umeme na wajenzi wa majumba ya kompyuta wamekuwa wateja wapya wenye fedha. Nayo mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi imeanza kuona pikipiki na bajaji za umeme, na pahali pa kuchajia betri zake ni pahali pa kuangalia.

Wauzaji wakubwa ni wachache: AkzoNobel ya Uholanzi, Jotun ya Norwei, Hempel ya Denmaki, Sherwin-Williams na PPG za Marekani, na wengine wa kufuatia. Wakubwa hununua wadogo. Sherwin-Williams, kwa mfano, ilipata jina lake kubwa katika biashara hii kwa kuinunua kampuni ya Uingereza iitwayo Leighs mwaka 2011. Kuna kampuni za utafiti wa soko zinazouza ripoti kuhusu ukuaji wa biashara hii, ripoti moja kwa maelfu ya dola, kila moja na takwimu yake. Moja inahesabu rangi za kuumuka peke yake, nyingine inaingiza na saruji ya kunyunyizia, nyingine inachanganya na mbao na nguo. Binafsi sizitilii maanani sana takwimu hizo. Zinaandikwa kumfurahisha mwekezaji, si fundi.

Ninachokiamini ni kitu kingine. Soko la rangi hii halifuati moto. Linafuata sheria na bima.

Ushahidi uko wazi. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la mafuta la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, liliungua na watu 167 wakafa. Moto ulikuwepo kwenye mitambo ya mafuta miaka yote, lakini ni baada ya uchunguzi wa ajali ile na sheria zilizofuata ndipo kampuni za mafuta zilipoanza kununua kwa wingi rangi nene za epoksi zinazostahimili moto wa hidrokaboni, moto unaopita nyuzi 1,000 kwa dakika chache. Baada ya minara ya New York kuanguka mwaka 2001, wataalamu wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, walieleza katika ripoti yao ya 2005 kwamba kinga ya moto ilikuwa imebanduliwa na kishindo cha ndege, na kwamba pengine minara ingesimama kama isingebanduka. Kanuni za ujenzi zikabadilika, zikadai kinga ishike kwenye chuma kwa nguvu zaidi katika majengo marefu, na wauzaji wakauza bidhaa mpya. London, Juni 14, 2017, jengo la Grenfell likaungua na watu 72 wakafariki. Sheria mpya ikaja mwaka 2022, na uchunguzi uliomalizika Septemba 2024 ukazilaumu kampuni za vifaa vya kufunikia kuta kwa udanganyifu katika vipimo vya moto. Yaani cheti kilikuwepo. Kilichokosekana ni ukweli ndani ya cheti.

Turudi nyumbani. Afrika Mashariki hatujakosa moto. Agosti 7, 2013 sehemu ya kupokelea abiria ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliteketea. Julai 10, 2021 soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lile alilolichora msanifu Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, liliwaka usiku na mali za watu zikawa majivu. Mifupa yake ya zege haikuanguka, jengo likakarabatiwa na jingine likajengwa kando. Mwezi Januari 2022 likaungua soko la Karume, katika wilaya hiyo hiyo ya Ilala. Mbeya, jirani zetu, wanakumbuka soko la Mwanjelwa mwaka 2006 na la SIDO mwaka 2017. Moto upo tele, tena wa kutosha kuajiri viwanda kumi vya rangi. Kwa nini basi rangi hii ni ngeni madukani kwetu?

Kwa sababu vibanda vilivyoungua havikuwa na mtu wa kuvidai kinga. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipo tangu 2007. Ukaguzi upo, na tozo yake wafanyabiashara wanaijua vizuri, wengine kwa manung'uniko. Lakini ukaguzi huo unakuja jengo likishasimama, na macho ya mkaguzi yanatafuta mitungi ya kuzimia moto, milango ya dharura na nyaya. Kenchi haziulizwi chochote. Rangi ya moto inatakiwa iandikwe kwenye mchoro na kwenye mchanganuo wa gharama kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kisichoandikwa pale hakinunuliwi.

Ndiyo maana utaikuta pale tu ambapo mwenye mradi ana bima ya kimataifa au mkopo wa nje. Vituo vya kupokelea mafuta na gesi ni miongoni mwa wateja wake wakubwa duniani kote, na kwetu tunavyo: mitambo ya gesi ya Madimba, Mtwara, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Zanzibar nayo, Oktoba 2021, ilitangaziwa mpango wa mnara wa ghorofa 28 wa mbao za kisasa pale Fumba. Jengo la namna hiyo haliwezi kupata bima bila hesabu ya moto kwa kila boriti. Na hoteli za makuti za mwambao, kuanzia Malindi mpaka Kiwengwa, zimeshajifunza kwa machungu kunyunyizia dawa paa zake, tena kuirudia, kwa kuwa mvua za masika huiosha.

Malighafi tunazo pia, na hapa huwa naona uchungu kidogo. Fosfati iko Minjingu, Manyara. Jasi iko Makanya, wilayani Same, na Kilwa. Vemikulaiti nzuri iko Namekara, mashariki mwa Uganda. Kinywe, ambacho kikitiwa asidi hufura kwenye moto na kimekuwa kiungo kinachotafutwa sana na watengenezaji wa kinga za kisasa, kiko Mahenge, Merelani na Ruangwa. Tunachimba, tunapakia kwenye meli, kisha siku moja tutanunua ndoo iliyoandikwa kwa lugha ya mtu mwingine.

Haya, Kipili sasa.

Nianze na meli, maana Kipili ni bandari na meli yake kila mtu anaijua. Julai 1916 mafundi wa Kijerumani, kabla ya kuizamisha kwa mikono yao meli ya Graf von Götzen isiangukie kwa adui, walipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Grisi ile haikushindana na maji milele. Ilinunua miaka minane, na miaka minane ilitosha. Hesabu ya kinga yoyote ni hiyo: unahitaji muda gani, na wa kufanyia nini?

Maelezo ya rangi ya moto yanayoandikwa London au Dubai yanadhani kwamba gari la zimamoto litafika. Dakika 60 au 120 ni za kuwapa askari muda wa kuingia, kuzima, na kuliokoa jengo. Kipili hesabu hiyo haisimami. Hata gari likiwa Namanyere, makao makuu ya wilaya, tanki limejaa na dereva yuko kwenye usukani, barabara ya kuteremka kuelekea ziwani haina mzaha, na msimu wa mvua ndiyo usiseme. Kwa hiyo dakika za Kipili ni za kazi moja tu: watu watoke. Kununua kinga ya dakika 120 kwa jengo la ghorofa moja ambalo hakuna atakayekuja kulizima ni kutupa fedha za umma ziwani. Dakika 30 zenye milango miwili inayofunguka kwa nje zina thamani kuliko dakika 120 zenye mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli.

Nazungumzia hasa mabweni. Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea Shauritanga, Rombo. Agosti 2009 wakafa wasichana 12 Idodi, Iringa. Septemba 2020 watoto kumi wakafa Kyerwa, Kagera, katika shule ya msingi ya Kiislamu. Kenya, Septemba 2024, wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, katika bweni lililokuwa limejengwa sehemu kubwa kwa mbao. Kwenye bweni la Endarasha kinga ya mbao ingekuwa na la kufanya. Kwa mengine nasema bila kumung'unya: rangi haifungui mlango, haikati nondo za dirishani, na haipunguzi magodoro yaliyobanana. Muuzaji akikwambia vinginevyo, anafanya biashara juu ya makaburi ya watoto.

Kwa nyumba zetu za kawaida, kinga bora ya moto bado inatoka ardhini. Tofali la kuchoma lenyewe lilishapita motoni. Lipu ya udongo au ya chokaa juu ya mbao inazuia moto kwa dakika za kutosha, na haihitaji cheti kutoka Uingereza. Watu wa huku hawapaswi kuambiwa haya na mgeni. Profesa Bertram Mapunda, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba na kuchunguza mabaki ya ufuaji chuma wilayani Nkasi, mpaka huku mwambao wa ziwa upande wa Kirando na Kala. Uwandani juu Wafipa walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Ili chuma kipatikane humo, joto lazima lipite nyuzi 1,100, ambalo ndilo joto wanalolitumia leo kujaribia rangi za mitambo ya mafuta. Ukuta wa udongo ulilihimili kwa saa nyingi mfululizo.

Dari nayo ina maneno yake. Siku hizi fasheni mbili zinashindana Sumbawanga: jipsamu, yaani jasi, na plastiki. Ndani ya jipsamu mna maji yaliyofungwa kwenye jiwe lenyewe, kama moja ya tano ya uzito wake. Moto ukija, maji hayo yanatoka kama mvuke, na mpaka yaishe joto halipiti kirahisi kwenda kwenye kenchi. Plastiki inayeyuka, inadondoka ikiwa ya moto, na moshi wake unaua kabla ya ndimi za moto. Tofauti ya bei mnaijua wenyewe. Sasa mnajua na tofauti nyingine. Na wewe mvuvi unayehifadhi petroli ya mashine ya mtumbwi ndani ya nyumba ya nyasi, pembeni ya jiko la kukaushia migebuka, kwako sina habari ya rangi kabisa. Itoe petroli nje leo.

Hata hivyo yapo majengo ya Rukwa ambako rangi ya kuumuka ina kazi: ukumbi wenye watu mia kadhaa chini ya kenchi nyembamba, hospitali yenye wagonjwa wasioweza kukimbia, ghorofa la biashara mjini Sumbawanga, mitambo ya mafuta. Huko itafika, na ikifika itafuatwa na matapeli, kama ilivyokuwa kwa mbegu na dawa za mifugo. Nitawapa kipimo ambacho hakihitaji digrii. Rangi hizi zikikauka hubaki na takribani asilimia 70 ya ujazo wake. Kwa hiyo ndoo ya lita 20, ikipakwa ifikie unene wa milimita moja baada ya kukauka, inafunika mita za mraba 14 hivi. Ndoo ya namna hiyo ya rangi ya kawaida ya ukutani inafunika mita za mraba mia moja mikono miwili, na pengine zaidi. Basi mkandarasi akikwambia amemaliza kenchi za ukumbi mzima kwa ndoo mbili, usibishane naye kuhusu chapa iliyoandikwa kwenye kopo. Hapo hamna kinga. Kuna rangi nyeupe.

Ukishapita hapo, dai karatasi. Cheti cha maabara kinachotaja bidhaa ile ile, aina ile ile ya chuma, na dakika. Jedwali la unene kwa kila ukubwa wa chuma, kwa sababu kenchi nyembamba hudai rangi nene kuliko nguzo nene, na tapeli hupaka kinyume chake ili aokoe. Kisha kifaa cha kupimia unene kiletwe mbele ya kamati, kibandikwe kwenye chuma sehemu nyingi, namba zisomwe kwa sauti. Ni kifaa cha kushika mkononi, mainjinia wanakijua. Na chuma kiwe kilisafishwa kutu na kupakwa praima inayoelewana na rangi hiyo, la sivyo povu litaumuka likiwa linaning'inia hewani badala ya kushika chuma.

Kwa ghala la mazao ningeshauri jambo rahisi kuliko yote haya. Ligaweni kati kwa ukuta wa tofali unaopanda mpaka upite juu ya bati. Moto ukianza upande mmoja, gunia za upande wa pili zina nafasi ya kupona. Ukuta huo anaujenga fundi wa kijijini, kwa tofali za tanuri la kijijini, na hauhitaji kupakwa upya baada ya miaka kumi.

Shule nyingi na zahanati zetu sasa zinajengwa kwa fosi akaunti. Fedha zinaingia, kamati ya wananchi inanunua, mafundi wa jamii wanajenga. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa kinga ya moto Kipili si waziri wala kampuni ya bima. Ni mama mjumbe wa kamati ya manunuzi, mwalimu mkuu na mzee wa kitongoji. Basi kamati ikikaa, kabla ya kupitisha mchoro wa bweni au bwalo, mwulizeni mhandisi wa halmashauri maswali mawili: kenchi hizi zitasimama dakika ngapi, na watoto hawa watatoka kwa dakika ngapi? Asipokuwa na majibu ya yote mawili, msitie sahihi.